Ukurasa wa Saba wa Mwongozo wa Mjumbe

Nataka kuwasimulia habari za Papa Michel wa Kabambare, na siwezi kumsimulia bila kujivua nguo mbele yenu. Anayetaka hadithi ya mtu mwema aliyelipwa wema aende kwingine. Mimi nilimharibia jina mtu aliyenifundisha kazi, nikakaa kwenye kiti nikimtazama akiharibikiwa, na mdomo ninao.

Naitwa Léocadie. Nafanya kazi Kasongo, kwenye depo inayogawa dawa kwa vituo vya afya kumi na kimoja vya huku kusini. Kazi yangu ukiitaja watu wanacheka: naandika miongozo ya programu za kompyuta. "Yaani wanakulipa kuandika namna ya kubonyeza?" shangazi yangu aliniuliza siku moja pale Lusangi, jembe begani. Ndiyo, shangazi. Namna ya kubonyeza, na kitu gani kinatokea ukishabonyeza. Hicho cha pili ndicho kigumu, na ndicho kilichonitia aibu.

Kila kituo kina kompyuta moja, na ndani yake programu mbili. Kwenye ya kwanza muuguzi anaandika maombi: tunataka dawa za malaria za watoto, masanduku manne. Ya pili inangoja mtandao, na mtandao ukipatikana inatuma maombi hayo kwetu Kasongo. Programu hizo mbili hazijuani. Katikati yao yuko Mjumbe. Mjumbe si programu ya kufungua na kutazama. Ni maktaba, kipande cha kazi ambacho programu zote mbili zinakiazima ili zipashane habari. Ya kwanza inampa Mjumbe ombi, Mjumbe analiweka kwenye foleni, ya pili inakuja kulichukua. Basi, ndiyo hivyo tu. Aliyemtengeneza Mjumbe ni Hervé, mwenzangu wa ofisini, mwenye akili nyingi na maneno machache. Aliyemwandikia mwongozo ni mimi.

Kabla ya kompyuta, vituo vyetu vilikuwa na foni, ile redio ya betri ambayo kila asubuhi saa tatu vituo vyote vinaitana na kusikilizana. Ya Kabambare ilikuwa na mtu mmoja tu, Papa Michel, na alikaa mbele yake miaka ishirini na miwili. Mimi nilipoanza kazi nilitumwa kwake wiki tatu nijifunze jinsi vituo vinavyosema. Nilikwenda kwa pikipiki siku mbili, nikafika na matope mpaka masikioni. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Wewe ni mutu ao ni barabara?" Ndivyo tulivyojuana.

Alikuwa mwembamba, mpole, na katika jambo moja alikuwa mkaidi kupita kiasi. Kila ujumbe aliokuwa anatuma aliuandika kwanza kwenye kaye yake, daftari kubwa la mistari. Akiusoma kwenye foni, alisema neno moja: "Rudilia." Yule wa upande wa pili arudie ujumbe wote, neno kwa neno. Hapo ndipo Papa Michel alipochukua rula, akapiga mstari juu ya ujumbe ule, maana yake umefika. Kwa rula, jamani! Siku moja daktari mmoja wa mbali alichoka naye. "Nimesikia, Michel, nimesikia!" Naye akamjibu kwa upole ule ule: "Kusikia umesikia, Docteur. Rudilia." Daktari akafoka, halafu akarudilia.

Nilicheka mpaka machozi. Papa Michel hakucheka. "Mustari wenye utapiga mbele ya kurudiliwa," aliniambia, "ule ni mugonjwa mwenye atangojea dawa na haitafika. Miye sijapiga hata moja."

Niliporudi Kasongo niliandika mwongozo wa Mjumbe, na ukurasa wa saba niliuandika kwa ajili ya watu kama yeye. Naujua kwa moyo. "Mjumbe anafanya kazi kama mtu wa foni. Hafuti ombi kwenye kaye yake mpaka programu ya pili ilirudilie. Kwa hiyo unaweza kuzima mashine saa yoyote bila woga. Ombi lisilorudiliwa utalikuta kesho kwenye foleni. Ukikuta foleni ni tupu, ujue maombi yote yamefika." Na wakati ule ilikuwa kweli tupu. Hervé alikuwa amemfanya Mjumbe aandike kila ombi kwenye diski kabla ya kufanya lolote.

Ukurasa ule ulipendwa. Wauguzi waliokuwa wanaogopa kompyuta kama nyoka waliusoma wakasema, aa, kumbe ni foni tu. Papa Michel, aliyekabidhiwa pia kompyuta ya Kabambare, aliuvisha plastiki akautundika ukutani juu ya mashine. Na mimi nilivimba kichwa, kwa nini nifiche. Nilikuwa naufungua bila sababu, nausoma peke yangu, natabasamu. Miongozo ya wenzangu niliiona kama karatasi za kufungia karanga.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, Hervé akatoa toleo la pili la Mjumbe. Mashine za vituo zilikuwa zimezeeka, diski zinakufa moja baada ya nyingine, na kila kitu kinakwenda polepole. Akaamua maombi yakae kwenye kumbukumbu ya mashine peke yake, ambayo ukizima inasahau yote. Anayetaka yahifadhiwe lazima aingie kwenye mipangilio achague "hifadhi". Aliniandikia mabadiliko yote, kurasa mbili, akaja mpaka mezani kwangu. "Mama Léo, ukurasa wa saba haufai tena. Uandike upya. Na ujaribu mwenyewe: weka ombi, zima, washa, uangalie."

Kujaribu kulihitaji robo saa. Sikujaribu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kazi nyingi? Hapana, siku ile nilikunywa chai mara mbili. Niliufungua ule ukurasa, nikafuta sentensi ya kwanza, ile ya mtu wa foni, nikasikia uchungu kama nimejichoma sindano. Nikairudisha. Nikajiambia nitatafuta namna ya kuyasema mabadiliko bila kuuharibu uzuri wake, kesho, kesho kutwa. Ijumaa shefu wetu, Papa Hippolyte, akasema gari linaondoka mchana na miongozo mipya iwe ndani yake. Nikabadilisha namba ya toleo kwenye kila ukurasa, nikabadilisha tarehe, na chini ya kila ukurasa nikaacha maneno yetu ya kawaida: "Imejaribiwa na kuhakikishwa. Léocadie." Nilikuwa sijajaribu wala kuhakikisha. Ule ulikuwa uongo, sitafuti neno lingine.

Vituo kumi havikupata shida, kwa sababu mashine zao zilikuwa hazizimwi mpaka maombi yaondoke. Kabambare betri za jua zilikuwa zimechoka. Papa Michel alizima kila siku saa kumi alasiri, ili friji ya chanjo ipate umeme. Mtandao msimu ule ulikuwa unakuja unavyotaka. Muuguzi, Mama Apolline, anaandika ombi, mtandao hauji, saa kumi inafika, Papa Michel anatazama ukutani, anasoma "bila woga", anazima. Asubuhi anawasha, foleni tupu. Na mwongozo unasema foleni ikiwa tupu maombi yamefika. Anaandika kwenye kaye: imefika. Anachukua rula.

Ilikwenda hivyo wiki saba, na wao wakadhani dawa zimekwama njiani kwenye matope. Dawa za malaria za watoto ziliisha Kabambare, zikakosekana siku kumi na sita. Wazazi walifunga watoto mgongoni wakapanda pikipiki kwenye matope kutafuta kituo kingine. Hakuna mtoto aliyekufa; nalisema hilo haraka haraka kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu. Wawili walikaribia.

Sisi Kasongo tulikuwa tunajua kitu kimoja tu: kutoka Kabambare hakukuja ombi. Papa Hippolyte akapiga meza. "Yule muzee analala pale!" Akaita wakuu wa vituo vyote waje wasikilize, na Papa Michel aje ajieleze. Nami nilisema moyoni, labda mashine yake imekufa. Ninawaapia, mpaka hapo ule ukurasa haukunijia hata kidogo. Nilikuwa nimeusahau kama mtu anavyosahau alipotema mate.

Alifika asubuhi ya mkutano, na kabla ya kwenda ukumbini akapita kwangu. Shati limepigwa pasi, sijui alilala wapi akalipiga. Mkononi alikuwa na ule ukurasa ndani ya plastiki yake, toleo jipya lenye tarehe mpya. Akauweka mezani mbele yangu kwa mikono miwili.

"Binti yangu, nisaidie. Hii nimeisoma mara mingi, mara mingi sana. Unionyeshe fasi yenye nilielewa mubaya, ili nikiulizwa pale niseme ya kweli."

Niliusoma. Nilipofika kwenye "bila woga" nikarudi nikaisoma tena. Mama yangu! Niliona wiki saba zote kwa mara moja, saa kumi alasiri moja baada ya nyingine. Jibu lilikuwa maneno manne: Papa, ni mimi nilikosa. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuyasema.

"Niachie, Papa," nikasema. "Nitaangalia."

"Asante, binti yangu. Mimi macho iko nzuri, lakini pengine kichwa."

Ukumbini tulikuwa kama watu thelathini. Hervé hakuwepo, alikuwa Nyangwe kutengeneza mashine ya kule, na kwa hiyo pale ndani aliyejua ukweli ni mimi peke yangu. Papa Hippolyte aliuliza kama maombi yalitumwa. Papa Michel akasimama, akafungua kaye yake, akasoma tarehe zote na kila ombi. Watu walinong'ona. Mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mistari anajua kuipiga!" wakacheka. Kucheka kule kulikuwa kwangu, mimi ndiye niliyestahili, lakini kulimwendea yeye, na yeye alikuwa anangoja kwishe ili aendelee kwa adabu.

Papa Hippolyte akanigeukia. "Mama Léocadie, wewe ndiye mwenye mwongozo. Kuna kasoro?"

Nitawaambia nilichofanya. Nilifungua makaratasi yangu. Niliyafungua polepole, moja, lingine, kana kwamba natafuta. Nilijitia hamnazo mbele ya watu thelathini. Kisha nikasema, "Shefu, mwongozo ulihakikishwa." Sauti ilitoka safi kabisa, hata haikutetemeka, na hilo ndilo linalonichukiza mpaka leo.

Papa Michel alinitazama bila hasira yoyote. Alidhani amenielewa: nimetazama ule ukurasa, nimeona alipokosea, na nimeona haya kumtaja mbele za watu. Akanitikisia kichwa kidogo, kunishukuru. Halafu akawaambia, "Miye ni mutu wa foni. Maandishi ya mashine pengine ilinipita. Muniwie radhi, zaidi wazazi wa watoto." Akatia sahihi karatasi ya kuacha kazi, na nafasi yake akapewa Alain, kijana mmoja wa pale Kabambare. Pale mlangoni aliniomba ukurasa wake, nikampa, akaniambia, "Usisumbuke tena na ule ukurasa. Ni miye tu." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka, nikaenda nyumbani nikala.

Wiki ile niliuandika upya. Niliweka ombi, nikazima, nikawasha, nikatazama: foleni tupu. Dakika kumi na nne, nilizihesabu. Nikaandika kwa maneno makavu kwamba maombi hayahifadhiwi ukizima, na namna ya kuchagua "hifadhi". Ule uzuri wote nikautupa bila kulia. Nikautuma kwa vituo vyote, na juu yake nikaandika, "Marekebisho madogo." Madogo! Mwizi anayerudisha mbuzi usiku na kufagia nyayo zake ana heshima kuliko mimi, maana yeye hasingizii jirani.

Siku kumi baadaye, mchana, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Papa Michel.

"Léocadie, niko hapa kwa kituo. Nilikuja kumusalimia Apolline. Alain ametundika ukurasa mupya." Nikasikia plastiki inachakarika. "Nimeweka ile ya zamani pembeni yake. Nimezisoma zote mbili."

"Ndiyo, Papa."

"Basi nilisoma vizuri."

Nikainuka nikafunga mlango.

"Nauliza tu, binti yangu. Nilisoma vizuri?"

"Ulisoma vizuri, Papa. Mimi ndiye niliyeandika uongo."

"Na siku ile ya mukutano ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nalihitaji tusi lile kama maji. Badala yake akaniambia habari ambayo sikuwa nimeiuliza. Kila Jumapili, kwa miaka mingi, yeye ndiye aliyekuwa anasoma somo la kwanza katika kanisa lao. Baada ya mkutano wa Kasongo alikuwa amekwenda kwa mkatekista, Déo, akamwambia atafute mwingine. "Nilimuambia akili yangu haishike tena maandishi. Kama nilisoma karatasi moja ya kazi mara mingi vile na nikaielewa kinyume, neno la Mungu nitaliharibu namna gani? Nikaogopa, Léocadie. Hata barua ya mutoto yangu nilimupa Léontine anisomee." Léontine ni mke wake. "Wiki mbili nzima sijasoma kitu."

Hapo ndipo nilipolia. Na ni yeye aliyenituliza, eti basi, basi, usilie. Fikirieni.

Siku ile ile niliingia kwa Papa Hippolyte nikamwambia yote. Akasema, "Tuseme mashine ilikosa. Mambo yamekwisha, Mama Léocadie, tusijivue nguo." Nikamwambia, "Shefu, aliyevuliwa nguo ni mwingine, na yeye hakukosa." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu hivyo, na nilichelewa mno kuweza kujisifu. Hervé alikuwa amerudi. Alisoma barua yangu ya kukiri, ya kwenda vituo vyote kumi na kimoja, akairudisha mezani, akatoka. Mpaka leo ananijibu ninachomuuliza tu, hazidishi. Papa Hippolyte mwishowe alitoa barua ya kumrudisha Papa Michel kazini, akaniambia niipeleke mwenyewe, na nikirudi tutazungumza habari zangu.

Nikapanda pikipiki. Nilifika Kabambare Jumamosi, na Papa Michel akanipokea uani kwake, Léontine akanipa maji ya kunawa bila kunitazama. Ile barua ya kazi aliikunja akaiweka chini ya redio. "Hiyo ni ya kesho kutwa," alisema. "Kesho iko Jumapili. Wenye walisikia nimekosa wako kule."

Basi asubuhi nikasimama mbele ya kanisa, kabla ya ibada kuanza, mbele ya wale wazazi wenyewe. Walikuja hata majirani Waislamu waliokuwa na watoto wagonjwa wakati ule, wakasimama kwenye madirisha. Nikasoma karatasi yangu. Kwamba Michel alifanya kama alivyoandikiwa. Kwamba niliyeandika ni mimi, kwamba niliambiwa nijaribu sikujaribu, na kwamba nilipoulizwa mbele yake nilidanganya. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama, akanitazama muda mrefu, akatoka nje. Nilijua mtoto yule ni yupi kati ya wale wawili waliokaribia kufa. Hakuna aliyenipigia kelele. Nilirudi kukaa kwenye benchi la nyuma na watu wakasogea, nafasi ikabaki tupu kila upande wangu.

Déo mkatekista akamwita Papa Michel kwa jina, akamkabidhi kitabu. Watu walipiga makofi, na wanawake wakapiga vigelegele. Alipanda akavaa miwani. Akafungua kitabu palipokuwa na utepe, akaweka kidole kwenye mstari, akakitoa, akakirudisha. Alifungua kinywa, akakifunga. Kisha akageuka, akamsogezea Déo kile kitabu, na kwa sauti ndogo niliyoisikia mpaka kule nyuma akamuuliza kama kweli ndipo hapo pa kusoma.

Ndipo hapo hasa. Déo alimwambia mara mbili.